Timu Ilihama, Jengo Likabaki

Kila shoo ikiharibika Nairobi, kesho yake mtandaoni tunaimba wimbo mmoja: "Hii Nairobi inahitaji arena." Mvua imenyesha jukwaa likazimwa, tunahitaji arena. Msanii mkubwa amepita juu ya vichwa vyetu akatua Kigali, tunahitaji arena. Mimi pia nimeuimba, tena kwa sauti ya juu. Lakini tangu nirudi kutoka kwa anti yangu huko Maine, Marekani, kuna swali limenikwama kooni: hiyo arena tukijengewa, Jumanne usiku kama hakuna staa yeyote, itakuwa inafanya nini?

Subirini nieleze, kabla mnitukane.

Anti anaishi Portland. Si ile Portland ya Oregon ya Trail Blazers, hii ni ile ndogo ya upande wa mashariki, iko juu huko karibu na Kanada. Na ninaposema ndogo, ni ndogo kweli: sensa yao ya 2020 ilipata watu elfu 68 na ushee. Mathare peke yake, kwa hesabu ya 2019, ilikuwa na zaidi ya laki mbili. Sasa huo mji una arena katikati ya tao. Si nje kwenye barabara kuu, si karibu na uwanja wa ndege. Tao kabisa, Spring Street, hatua chache kutoka maduka na mikahawa ya Old Port.

Usiku wa kwanza tuliotoka kwenda, binamu yangu aliniambia tutembee. Nikadhani ananitania, maana nje ilikuwa theluji na nilikuwa nimevaa jaketi mbili na bado meno yanagongana. Tulitembea dakika kumi hivi. Kwenye lami kulikuwa na wazee wawili wameshikana mikono, baba amembeba mtoto mabegani, vijana wa rika langu wenye kelele, wote wanaelekea upande mmoja. Hakuna aliyekuwa anabishana na makanga. Hakuna aliyeficha simu ndani ya soksi. Manze, nilihisi wivu hata kabla hatujaingia.

Ndani kulikuwa na mechi ya hoki ya barafu, Maine Mariners. Hoki ni mchezo wa ajabu kwa mgeni. Kile kisahani cheusi cha raba kinakimbia hadi unatazama watu badala yake ndio ujue kimefika wapi. Vipindi ni vitatu, dakika ishirini kila kimoja, na katikati yake linaingia lile gari linaloitwa Zamboni, linazunguka polepole likilainisha barafu huku watoto wakilishangilia kuliko wachezaji. Mimi barafu niliwahi kuikanyaga mara moja tu, pale Panari, Mombasa Road. Nilianguka mara nyingi kuliko nilivyosimama. Kwa hivyo heshima zangu zote kwa Kenya Ice Lions, wale wasee waliojifunza mchezo mzima kwenye kile kiwanja kidogo hadi 2018 wakapelekwa Kanada wakacheza na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, kwa sababu nyumbani hawakuwa na timu ya kushindana nayo. Hiyo ni stori ya siku nyingine.

Turudi kwa jengo. Lilifunguliwa Machi 1977 likiitwa Cumberland County Civic Center, na usiku wa kwanza walioshika jukwaa walikuwa ZZ Top. Agosti ya mwaka huohuo Elvis Presley alikuwa apige shoo mbili pale, tarehe 17 na 18. Tiketi zilikuwa zimeuzwa, meneja wake alishafika mjini. Elvis akafariki tarehe 16, Memphis. Kuna watu waliokataa kurudishiwa pesa zao wakabaki na tiketi. Hebu fikiria: shoo ambayo haikufanyika, na bado ndiyo wanayoitaja kwanza ukiwauliza historia ya ukumbi wao. Leo linaitwa Cross Insurance Arena, jina la kampuni ya bima iliyolipia kuandikwa ukutani, lakini watu wazima bado wanasema Civic Center.

Usidhani lakini kwamba jengo liliota kama uyoga kwenye uwanja mtupu. Miaka ya 1970 mji uliipanua Spring Street iwe barabara ya magari ya kasi, na majengo ya zamani yakabomolewa kuipisha. Watu walikuwa wakiishi na kufanya biashara pande zile. Sisi hapa tunaujua huo mchezo: tingatinga linakuja saa kumi alfajiri, na baadaye mnaonyeshwa picha nzuri ya kompyuta yenye miti na watu wanatembea. Kwa hivyo mtu asinichukulie kama nimerudi na maneno ya "ng'ambo kila kitu ni safi." Hapana.

Kilichonivunja mbavu, halafu kikanifanya nifikiri, ni sakafu.

Mwezi wa pili shule za huko hufunga wiki moja, na wiki hiyo ndiyo ya mashindano ya basketi ya shule za upili. Binamu yangu akanirudisha palepale. Nikaingia nikitegemea barafu, nikakuta sakafu ya mbao, magoli ya basketi, bendi za shule zinapiga ngoma, wazazi wanamfokea refa. Nikauliza barafu wameipeleka wapi. Akacheka, akaniambia umeikanyaga. Barafu haijaenda popote! Chini ya ukumbi kuna zege lenye mabomba, na ndani ya mabomba hupita kimiminiko baridi kisichoganda. Maji hunyunyizwa juu ya lile zege, tabaka baada ya tabaka, yanaganda. Yanapakwa rangi nyeupe, maana barafu yenyewe haina rangi na ungekuwa unatazama saruji. Inachorwa mistari, inaongezwa maji tena. Yote hiyo unene wake ni kama inchi moja na kidogo. Siku ya basketi au ya muziki wanaifunika kwa paneli zinazozuia baridi, halafu wanaweka kinachohitajika juu. Usiku watu wakitoka, kuna kikosi kinabaki kugeuza kila kitu kabla ya asubuhi.

Hao wasee wa usiku ndio arena, si jengo. Ukumbi mmoja: leo hoki, kesho basketi ya wanafunzi, wiki ijayo muziki, mwezi wa tano mahafali ya chuo kikuu. Na hesabu yenyewe inaonyesha kwa nini lazima iwe hivyo. Ligi ya Mariners, ambayo iko ngazi mbili chini ya NHL, ina mechi 72 kwa msimu. Nusu zinachezwa nyumbani, yaani 36. Mwaka una siku 365. Timu ambayo kila mtu anasema ndiyo sababu ya jengo kuwepo inalitumia chini ya siku moja kati ya kumi. Siku nyingine zote ni za kutafutiwa kazi.

Tena timu zenyewe ni wageni. Mariners wa kwanza walianza 1977, wakabeba kombe la ligi yao, Calder Cup, misimu miwili ya kwanza mfululizo, wakalibeba tena 1984. 1992 wakahamia Providence. Mji ukakaa msimu mzima bila timu. 1993 ikaja timu kutoka Baltimore ikajiita Portland Pirates, ikashinda kombe msimu wake wa kwanza tu. Raha. Halafu sikilizeni hii.

Novemba 2011 wakaazi wa Kaunti ya Cumberland waliulizwa kwenye kura: tukope dola milioni 33 tukarabati Civic Center? Ndiyo, kaunti, kama zetu. Jengo ni mali ya kaunti na lina bodi yake ya wadhamini. Wakasema ndiyo. Ukarabati ukaanza. 2013, vumbi la ujenzi bado liko hewani, timu na wadhamini wakakosana juu ya mkataba, nani achukue nini, na Pirates wakaenda kucheza msimu mzima Lewiston, mji mwingine. Wakarudi 2014, viti vipya vinawangoja. Mei 2016 ikatangazwa timu inauzwa inahamia Springfield, Massachusetts. Kwaheri.

Yaani mmekopa, mmejenga, mmepaka rangi, na mpangaji wenu mkubwa amefunga virago misimu miwili baadaye. Deni halikuingia kwenye basi na wachezaji, lilibaki. Hadi 2018 ndipo Mariners wa sasa walipoanza, kwa nafasi ya timu iliyokuwa Alaska, ngazi moja chini ya ile waliyoizoea.

Nilipoisikia hii stori mara ya kwanza nilisema: hao watu waliingizwa box. Anti, ambaye analipa kodi huko na hajui hata hoki inachezwa na watu wangapi, alinijibu kwa utulivu wake wa nesi aliyetoka zamu ya usiku: "Kwani wewe ukijenga nyumba ya kukodisha, mpangaji akitoka unabomoa?"

Nikanyamaza. Lakini sikukubali yote, na bado sikubali yote.

Kwa sababu upande mwingine uko hivi. Wachumi wa Marekani wamechunguza viwanja na arena kwa miongo mingi, na wengi wao wanafika palepale: pesa za umma zinazowekwa huko hazirudi kama wanavyoahidi wajenzi. Sababu yake unaielewa hata bila digrii. Ile thao mbili uliyonunulia tiketi Ijumaa ni ileile ungekula nayo nyama choma Ijumaa. Mji haujapata thao mbili mpya, umezihamisha tu kutoka kwa mwenye kibanda hadi kwa mwenye arena. Kama mashabiki wengi ni watu wa hapohapo, kinachobadilika ni mfuko unaoingia. Kwa hivyo mwanasiasa akisimama akasema arena italeta mabilioni na ajira elfu ngapi sijui, hapo mimi nashika pochi yangu vizuri.

Msimamo wangu basi ni huu, na najua utaniletea kelele. Arena ya katikati ya tao haifai kuuzwa kwetu kama biashara. Ijengwe kama maktaba au soko la kaunti, kitu ambacho tunajua kinakula pesa na tumekubali kile, ama isijengwe. Ukisema biashara, basi kila usiku usiolipa vizuri utafungiwa mlango. Wanafunzi wa basketi hawalipi kama staa wa kimataifa. Mahafali hayauzi bia. Ukisema ni ya umma, basi una haki ya kuuliza hizo siku 300 na zaidi zinaenda kwa nani.

Kuna mtu alinifanya nione hilo kuliko takwimu zote. Usiku ule wa hoki, safu ya nyuma yetu, nilisikia Kiswahili. Kiswahili cha Kongo, chenye ule mdundo wake. Nikageuka kama nimeitwa jina. Baba mmoja na vijana wake wawili wenye kofia za Mariners. Akaniuliza, "Kijana, uko mutu wa wapi?" Nikamwambia Kenya, mzee, na wewe? Bukavu. Tukapiga stori kipindi kizima cha pili na sikuona bao hata moja. Alifika Portland 2019, ule mwaka ambapo zaidi ya watu 400 waliokuwa wakitafuta hifadhi, wengi kutoka Kongo na Angola, walifika kwa wiki chache tu na mji ukaishiwa vitanda. Mji ukafungua Expo, ukumbi wake mwingine wa michezo, wa zamani zaidi, na kupanga vitanda vya kukunja juu ya uwanja wa basketi. "Tulilalaka mule na batoto," akasema, akinyoosha mkono upande Expo iliko, kama mtu anayeonyesha nyumba aliyokulia.

Sasa anakuja hokini na vijana wake. Mkubwa alinieleza kanuni ya kuotea ya hoki kwa Kiingereza cha Maine kilichonipita kabisa.

Sisemi Expo ilikuwa hoteli. Ukumbi wa michezo si mahali pa kulea mtoto, na vitanda viliondolewa Agosti. Lakini jengo la umma lilikuwa na usiku usio na mechi, na mji ukajua la kufanya nao. Hilo swali la Jumanne lilikuwa limejibiwa na watu wenye shida, si na waandaaji wa matamasha.

Sasa nyumbani. Tusijidanganye kwamba hatuna kitu. Kasarani kuna ukumbi wa ndani wa watu kama elfu tano. KICC iko katikati ya tao na viwanja vyake vimebeba shoo nyingi. Shida yetu ni usiku na ni njia. Mwaka uliopita nilikwenda shoo moja hapa jijini, ya uwanjani, sitaitaja. Mvua ilinyesha kuanzia saa tatu. Staa akapanda saa nane usiku, akaimba nyimbo nne. Tulipotoka hapakuwa na mat, wa teksi wa simu walikuwa wameongeza bei hadi nauli ikapita tiketi, na rafiki yangu akaporwa simu tukisubiri kwenye giza, mita chache kutoka geti. Paa lingetukinga mvua. Lisingemwokoa rafiki yangu, kwa sababu aliporwa nje.

Ndiyo maana zile dakika kumi za kutembea kwenye theluji zilinikaa kichwani kuliko mechi. Kigali wamejenga BK Arena, ikafunguliwa 2019, watu elfu kumi, na Desemba 2023 Kendrick Lamar alitumbuiza pale wakati sisi tunatazama kwa simu. Hongera zao kabisa. Lakini hata hiyo iko Remera, si katikati ya jiji. Tukiiga tu jengo, najua tutakachopata: sanduku zuri la kioo kando ya barabara kuu, maegesho makubwa kuliko ukumbi, linafunguliwa mara mbili kwa mwezi kwa wenye tiketi za VIP, na mwenye miguu atavuka barabara akiomba Mungu.

Najua kuna mtu anaandika tayari: "Bro, hospitali hazina dawa, wewe unaongea arena?" Nakusikia, na huo si ubishi wa kijinga. Kama ni kuchagua kati ya dawa na viti, chagua dawa, sina neno. Ila pesa za majengo makubwa huwa zinapatikana kila mara tukiambiwa hazipo, si mmeona? Na mara nyingi tunaulizwa maoni kwenye ukumbi fulani Jumatano saa nne asubuhi, wakati wengi wetu tuko kazini au darasani, halafu inaandikwa kwamba umma umeshirikishwa. Wale wa Cumberland County angalau walipewa karatasi yenye kiasi: milioni 33, ndiyo au hapana. Walipoteza timu, lakini hakuna anayeweza kuwaambia hawakujua bei.

Binafsi ningepiga kura ya ndiyo. Kwa masharti. Iwe tao, karibu na steji, si mahali pa kufikiwa na gari pekee. Mkataba wa timu au mwandaaji uwekwe wazi kabla ya sisi kukopa, si baada. Idadi ya siku za shule na za mitaa iandikwe kwenye karatasi ileile ya kura, na bei ya siku hizo pia. Taa za barabarani kuanzia mlangoni hadi steji ziwe sehemu ya ujenzi, si ahadi ya awamu ya pili. Awamu ya pili tunaijua.

Anti anasema mimi nafikiria sana kuhusu jengo la watu wengine. Labda. Juzi alinitumia picha, ametoka kazini, amepita Spring Street, milango iko wazi na kuna foleni ya watoto wamebeba viatu vya barafu mabegani. Hakujua ni nini kilikuwa kinaendelea ndani. Hata hakuuliza.

Sasa nyinyi. Ni Jumanne, saa moja jioni, mwezi wa tano, tao mvua inanyesha vibaya na mat zimepandisha nauli. Arena yetu ipo, taa zinawaka, mlango hauna bouncer. Ndani kuna nini? Niandikieni hapo chini, nitasoma zote.